Turbo: fundi mmoja au wawili?
Mkuu, umeuliza kama kufunga turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na kuseti kompyuta ya injini umpe fundi mmoja au ugawe. Mpe mmoja. Mimi niligawa, pistoni ilipotoboka, aliyefunga alilaumu seti, aliyeseti akalaumu injekta (vipulizia petroli) ndogo, gari likabaki juu ya mawe.

Kabla hujatoa hela, wapime kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote. Injini iliyochoka haisetiki. Halafu dai karatasi ya dayno (mashine ya kupima nguvu ya gari) yenye mstari wa uwiano wa hewa na petroli, si nguvu za farasi tu (hizo ni za kupigia picha). Ukitembea taratibu, hewa 14.7 kwa petroli 1 ni sawa; turbo ikisukuma, mchanganyiko uwe mzito (petroli zaidi), hewa karibu 12 au chini kwa petroli 1. Na faili la seti ubaki na nakala yake.