Mikwaju inakauka kila Septemba: nipande mti wa Marekani?

SWALI: Shikamoo bwana misitu. Niko Ipuli, Tabora, kiwanja changu ni kichanga. Natafuta mti wa kivuli. Mikwaju niliyonunua kitaluni ilikauka yote kufika Septemba, ingawa naimwagilia kila jioni. Mjomba aliyeko Kansas anausifu mti wa huko uitwao hackberry, eti ukame hauuwezi. Anitumie mbegu?

JIBU: Marahaba. Mjomba hakudanganyi. Mti huo, Celtis occidentalis kwa jina la kitaalamu, hustahimili upepo, ukame na udongo hafifu, ndiyo maana hupandwa kando ya barabara za miji ya huko. Lakini mbegu yake huota vizuri baada ya kukaa kwenye unyevu na baridi ya nyuzi 4 hivi kwa miezi 2 au 3. Tabora baridi hiyo utaipata kwenye friji tu! Tena mbegu za nje zinataka kibali na cheti cha afya ya mimea. Bahasha ya mjomba haitoshi.

Na hata ungeupata, kwa umwagiliaji huo ungekauka vilevile. Mkwaju unastahimili kiangazi kwa mzizi mkuu unaozama chini. Mche ukikaa sana kitaluni, mzizi hujikunja ndani ya kiriba, au hutoboa kwenda ardhini ukakatika siku ya kuung'oa. Kisha kopo la maji kila jioni linalowesha juu juu, mizizi nayo inabaki huko huko juu, mahali mchanga unapokauka kwanza.

Mimi ningepanda mbegu ya mkwaju palepale mti utakapokaa. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, mita 8 au zaidi kutoka nyumbani, urudishie udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Mvua zikishashika, Novemba au mwanzoni mwa Desemba, loweka mbegu usiku kucha, ufukie 3, baadaye ubakize mche mmoja wenye nguvu. Zungushia miiba, mbuzi wasiufikie. Kiangazi cha kwanza na cha pili upe mche ndoo ya lita 20 mara moja kwa wiki, taratibu, maji yazame. Matandazo (nyasi au majani makavu ya kufunika udongo) weka, ila yasiguse shina. Mchwa hupitia hapo.

Mkwaju hauna haraka. Ukitaka kivuli mapema, panda na mwarobaini upande wa pili wa uwanja.