Reli za tramu zilipolika, ziling'olewa zote?

Swali: Mhandisi, kwenye picha za Ulaya za miaka ya 1900 naona reli za tramu zimefukiwa kwenye mawe ya barabara. Zikilika walizing'oa zote? Kama sivyo, walizitengenezaje?

Jibu: Kung'oa kulikuwa kwa mwisho kabisa, maana lazima ubomoe barabara. Na Uingereza, sheria ya tramu ya 1870 ilimbebesha mwenye njia ya tramu matunzo ya barabara yote iliyo kati ya reli, pamoja na inchi 18 kila upande wa nje.

Isitoshe, reli hailiki sawasawa. Huanzia kwenye maungio. Zamani vipande viwili viliungwa kwa mabamba ya chuma yaliyofungwa bolti ubavuni. Bolti zikilegea, kila gurudumu linalovuka hugonga ncha ya kipande cha mbele, hadi panafanya kibonde. Maji yanaingia chini, udongo unalainika, ungio linazidi kuzama. Farasi walipokuwa wakivuta, pigo lilikuwa jepesi. Tramu za umeme zilikuwa nzito, tena mota yenyewe imekaa kwenye ekseli, kwa hiyo maungio yaliyovumilia miaka yakaanza kuachia.

Mafundi walikaza bolti, wakashindilia kokoto chini, wakasaga sehemu iliyoinuka. Hiyo ni kazi isiyokwisha. Dawa hasa, kwa maoni yangu, ilikuwa kuondoa ungio lenyewe. Mwaka 1899 reli za tramu za Essen, Ujerumani, zilichomelewa kwa themiti, mbinu ya mkemia Hans Goldschmidt. Unazungushia ungio kalibu ya mchanga, juu yake unaweka chungu chenye unga wa alumini na oksidi ya chuma, unawasha. Muda mfupi tu chuma kilichoyeyuka kinashuka na kujaza kalibu. Kikipoa, unasaga kinachozidi.

Utauliza, joto la jua halipindi reli isiyo na pengo? Reli iliyofukiwa imebanwa na barabara, na jua huupata uso wake tu.

Kwenye kona tatizo ni lingine: ukingo wa gurudumu hukwaruza ubavu wa reli. Hapo walipaka grisi na kukwangua mchanga kwenye mfereji wa reli, yaani ule mwanya ambamo ukingo wa gurudumu hupita. Lakini uso wa reli ukilika mpaka ukingo wa gurudumu unatembea juu ya sakafu ya mfereji, hakuna cha kuchomelea wala kusaga. Leta sururu.