Jibu: P0420 kwenye RAV4, usikimbilie kununua katalizeri
Ndugu, umeuliza kama ununue katalizeri mpya ya Toyota RAV4 yako, yaani kile kifaa kwenye ekzosi kinachosafisha moshi. Usiibadilishe kwa sababu tu skana, mashine ya kusoma hitilafu za gari, imetoa kode P0420. Kode hiyo inasema moshi hausafishwi vya kutosha. Haisemi kosa ni la nani. Hapa Goma mawe ya volkano hupasua bomba la ekzosi, hewa ikaingia na kudanganya sensa ya oksijeni. Kwa hiyo sikiliza kwanza maungio, injini ikiwa bado baridi. Ikishapata moto, soma kwa skana sensa ya nyuma, ile iliyo baada ya katalizeri: ikitulia karibu na volti 0.6 au 0.7, katalizeri ni nzima. Ikirukaruka kati ya 0.1 na 0.9, imechoka. Lakini taa ya injini kwenye dashibodi ikiwa inawaka na kuzima, simama mara moja! Kuna silinda haichomi, angalia buji (plagi za cheche), maana petroli isiyoungua itayeyusha hata katalizeri mpya. Inaniuma sana kuona watu wakilipa mara mbili.