Resident Evil 4: wa 2005 au wa 2023?
Ndugu, umeuliza kama mtu ambaye hajawahi kucheza Resident Evil 4, mchezo wa video wa kutisha, aanze na ule wa mwaka 2005 au ulioundwa upya mwaka 2023. Kwa maoni yangu, aanze na wa zamani. Humo Leon, mhusika unayemwongoza, hawezi kutembea huku amelenga bunduki, jambo ambalo vijana wengi huliona kuwa kasoro, lakini ni sharti hilo hilo linalokutoa jasho wanakijiji wanapokukaribia na mashoka, kwa kuwa kila unaposimama kufyatua risasi umekubali kutokimbia. Katika mchezo mpya Capcom, kampuni iliyouunda, walimruhusu atembee akilenga, na kisu chake kikapewa uwezo wa kukinga mapigo, hata ya msumeno wa mashine, ila huchakaa na kuvunjika, ukalazimika kumlipa mfanyabiashara akitengeneze. Hapo mpya umeuzidi wa zamani. Picha zake nzuri, sina ubishi. Pambano la visu na Krauser, adui wa Leon, ambalo zamani lilikuwa la kubonyeza vitufe kwa kushtukizwa (kero tupu), sasa unapigana mwenyewe hadi mwisho.