Kuzuru Msitu wa Kakamega kwa Kikundi: Mambo ya Kupanga Mapema

Likizo ya Desemba inapokaribia, vyama, makanisa na familia nyingi hapa Kisumu huanza kuulizana pa kwenda, na Msitu wa Kakamega hutajwa kila mara kwa sababu uko karibu, kilomita 50 hivi hadi mjini Kakamega na kisha mwendo mfupi hadi msituni. Nimeandamana na vikundi vya aina mbalimbali kwenda huko, na kila anayeniomba ushauri humweleza jambo moja kabla ya mengine yote: udogo wa kikundi na utulivu wake ndivyo vinavyoamua mtakachokiona.

Sababu yake ni hali ya msitu wenyewe. Anayezuru mbuga ya Ziwa Nakuru hukaa garini na kumwona nyati akiwa mbali, uwandani. Kakamega ni salio la upande wa mashariki la msitu wa mvua uliowahi kuenea kutoka bonde la Kongo, na humo wanyama wengi huishi juu kwenye vilele vya miti, wakiwa wamefichwa na majani. Mbega, kima na hondohondo hukusikia muda mrefu kabla hujawaona. Watu 30 wakitembea kwa msururu wakizungumza na kupigiana picha, walio nyuma hawamsikii mwongozaji, na walio mbele hukuta matawi matupu. Ndiyo maana napendekeza watu wasiozidi 8 kwa kila mwongozaji. Kama chama chenu ni kikubwa, jigaweni, lipieni waongozaji kadhaa, na kila kikundi kishike njia yake. Gharama itapanda kidogo, lakini hakuna matumizi mengine ya siku hiyo yatakayowafaa kuliko hayo.

Waongozaji wenyewe wapo, na wengi wao wamezaliwa na kulelewa pembezoni mwa msitu. Waagizeni siku chache kabla, mkiwaeleza kama mna wazee au watoto, na kama mnapenda ndege, miti au dawa za kienyeji. Mkishaingia, mwacheni mwongozaji aamue mwendo. Nimeona jinsi anavyoinua mkono ghafla na kusimama, watu wakinyamaza, na baada ya dakika moja au mbili mvumo mzito wa mabawa unapita juu ya vichwa kabla hondohondo wenyewe hawajaonekana. Asiyekuwa na subira ya dakika hizo mbili hupitwa na mambo mengi.

Mwombeni pia awaonyeshe mtini unaonyonga. Huanza kama mbegu iliyodondoshwa na ndege kwenye tawi la mti mwingine, ukateremsha mizizi hadi ardhini, ukauzingira mti huo pande zote mpaka ukafa na kuoza. Unaobaki ni mtini wenye uwazi ndani yake, na katika baadhi yake mtu mzima aweza kuingia, akasimama wima na kutazama juu kupitia mizizi iliyosukana kama ukili. Watoto hawasahau jambo hilo. Karibu na hapo huenda mkaonyeshwa Prunus africana, mti ambao gome lake husafirishwa ng'ambo kutengenezewa dawa za tezi dume. Tazameni shina kwa makini, kwa maana makovu ya waliobandua gome kiholela yanaeleza shida za msitu huu waziwazi kuliko hotuba yoyote.

Kuhusu mahali pa kuingilia, upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na uko chini ya shirika la wanyamapori la Kenya (KWS), kwa hiyo mhakikishe ada za kiingilio na namna ya kuzilipa kabla ya kuondoka nyumbani. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya shirika la misitu la Kenya (KFS). Kwa kikundi kinachokwenda mara ya kwanza mimi huchagua Isecheno, kwa sababu ya miti yake mikongwe na Kilima cha Lirhanda, ambacho kinawapa hata wasio na mazoea ya kutembea nafasi ya kuuona msitu wote kwa juu. Kilimani humo mna shimo la wachimbaji dhahabu wa zamani lenye popo wengi. Bebeni tochi, na anayeogopa asilazimishwe kuingia.

Mwanzo mzuri wa matembezi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua za huko hupenda kunyesha alasiri, na ndege hunyamaza jua likipanda, kwa hiyo ni afadhali kulala karibu na msitu kuliko kuondoka Kisumu baada ya chai. Vaeni suruali ndefu na kuichomeka ndani ya soksi, kwa kuwa siafu hawachagui mgeni. Gambuti zinafaa kuliko raba. Mwavuli hunasa kwenye matawi. Koti la mvua linatosha. Chakula kifungiwe mkobani, wala tumbili wasirushiwe hata ganda la ndizi, maana tumbili aliyezoeshwa chakula cha wageni huishia kuvamia mashamba na jikoni za wanakijiji, na hao ndio wanaobaki na hasara sisi tukiwa tumerudi mjini.

Njiani mkirudi mtauziwa mukombero, ule mzizi wa kutafuna unaopendwa sana huku kwetu. Mwingi umeng'olewa msituni kiasi kwamba umekuwa haba, lakini wapo wakulima wanaoupanda katika mashamba yao. Mwulizeni muuzaji umetoka wapi, na mkanunue kwa wale wa shambani.