Eti China ya zamani wanaume hawakupendana?

SWALI: Mhariri habari za kazi, mi niko Moshi, huku Majengo kwenye banda la muvi tulibishana mpaka mwenye banda akatufukuza, mwenzangu anasema China wanaume kupendana kumeletwa na Wazungu juzijuzi tu, ni kweli?

JIBU: Salama kaka. Mwenzako kakosea, tena sana. Mfalme Ai wa ukoo wa Han, aliyetawala mwaka 7 mpaka 1 KK, alikuwa na mpenzi wake kijana anaitwa Dong Xian, sasa siku moja wamelala mchana, kijana kalalia mkono wa vazi la mfalme, mfalme anataka kuamka ila hataki kumsumbua, basi akaukata ule mkono wa vazi akaondoka zake (nguo ya kifalme hiyo jamani!). Na sio umbea wa mtaani, imo kwenye historia rasmi ya Han. Akampa vyeo mpaka ukuu wa majeshi na umri bado mdogo, watu wakanuna, mfalme kufa tu, kijana kavuliwa cheo na akajiua yeye na mkewe.

Ndiyo, mke alikuwa naye. Kule kikubwa ilikuwa uoe, upate mtoto wa kiume wa kutambikia mababu, mengine walikuwa wanayafumbia macho, hasa kwa wakubwa. Wanawake hawakuandikwa sana, waandishi wenyewe wanaume.

Sheria kali ilikuja baadaye, 1740, enzi za ukoo wa kifalme wa Qing, hata mliokubaliana mlikuwa mnachapwa viboko 100 na kufungwa ubao shingoni mwezi mzima.