IST inakunywa mafuta na gia ya nne haiingii: giaboksi subiri kwanza

Mkuu, umesema Toyota IST yako ni ya 2004, injini 1NZ ya cc 1500, uko Tanga mjini, inakupa kilomita 7 kwa lita, na ukitoka Pongwe kuelekea Muheza gari inalia tu, haishiki gia ya mwisho, yaani ya nne. Fundi amekwambia giaboksi imekufa, tafuta ya mtumba. Mimi nasema usitoe hela bado. Ulaji wa mafuta na gia kugoma vikija pamoja, mara nyingi mzizi ni mmoja, tena hauko kwenye giaboksi.

Swali la kwanza: thamostati ipo? Ukanda wetu huu wa pwani mafundi wengi wanaing'oa, eti joto la Tanga halihitaji thamostati. Gari ikiwa imechemsha, ndiyo "dawa" ya haraka kuliko zote. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kwenye 1NZ inaanza kufunguka nyuzi 80 hadi 84. Ukiitoa, maji yanazunguka tangu unawasha gari, na ukiwa barabara kuu upepo unaipoza rejeta, injini inabaki vuguvugu. Kontrolboksi (kompyuta ya gari) ikiona injini haijapata moto inafanya mambo mawili. Inaongeza petroli, na inainyima giaboksi gia ya nne pamoja na kufunga konveta (chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili; ikifunga, vinazunguka pamoja bila kuteleza). Hapo gari inakunywa, gia haiingii, na giaboksi nzima kabisa inahukumiwa.

IST haina mshale wa joto, kwa hiyo dashibodi haikusaidii sana. Chukua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosomeka kwenye simu. Asubuhi kabla ya kuwasha, joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia vinatakiwa kukaribiana na hali ya hewa ya nje, kwa Tanga 25 hadi 30 hivi. Sensa ikisema nyuzi 5 alfajiri ya Tanga, inadanganya, na kontrolboksi inaiamini. Kisha endesha: baada ya dakika kumi na kitu mwendo wa barabara kuu, isome 80 na ushee. Ikining'inia 55 au 60, umeshapata mgonjwa.

Kama huna kifaa, shika mipira ya rejeta injini ikiwa imewashwa toka baridi, ukichunga mkono na feni. Thamostati nzima huacha mipira baridi kwa dakika kadhaa, halafu moto unakuja kwa mkupuo. Ikipata joto taratibu tangu mwanzo, hakuna thamostati au imekwama wazi. Mpya ijaribu kwenye sufuria ya maji jikoni: ifunguke kabla maji hayajachemka, ikipoa ijifunge. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kikae juu ili hewa ipite, na ringi ya mpira iwe mpya. Jaza kulanti (maji maalumu ya rejeta), si maji ya kisima. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na ndani ya rejeta ya gari hii ndimo oili ya giaboksi inamopoozwa. Kutu ikitoboa pale, maji na oili vinachanganyika, dipstiki inatoka na rangi ya maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, na hapo ndipo giaboksi inakufa kweli.

Sasa pima gia yenyewe. Hakikisha taa ya O/D OFF (inayoonyesha gia ya nne imezimwa) haiwaki, maana kitufe chake kwenye mpini wa gia kinabonyezwa na kiganja bila mtu kujua. Taa ikiwa inawaka na kuzima yenyewe, kuna kosa limehifadhiwa, lisomwe kwa mashine. Kwa matairi ya kawaida, mwendo 80 tambarare, mshale wa mizunguko uwe karibu na 2000. Ukikaa karibu 2900, uko gia ya tatu. Ukiwa 80 hivyo hivyo, gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto huku mafuta umeyashikilia: konveta ikiwa ilikuwa imefunga, itaachia na mshale utaruka kidogo. Usiporuka kabisa, haikuwa imefunga.

Mtihani huo huo unatenganisha mtetemo. Gari ikitetemeka kwenye 60 au 70 na mtetemo ukakata pale unapogusa breki, tatizo ni konveta au oili yake. Mtetemo ukiendelea, injini inamisi, yaani silinda moja haichomi vizuri: angalia plagi za moto (nafasi milimita 1.1) na koili zinazozipa moto, ziko nne, zibadilishane sehemu uone kama misi inahama nayo. Wengi wamebadilisha giaboksi kwa ajili ya koili moja.

Oili ya giaboksi hupimwa ikiwa ya moto, injini ikiwa inaunguruma bila kukanyaga mafuta, gari sehemu tambarare, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Soma alama za HOT. Ikipungua, D inachelewa kushika na asubuhi gari inateleza. Oili ya gari hii ni Type T-IV. Ukifungua boliti ya chini ya kumwagia hutoka takriban lita 3 tu, nyingine inabaki kwenye konveta. Kwa hiyo pima iliyotoka, rudisha kiasi kile kile, tembea siku kadhaa, rudia mara mbili. Fungua sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), osha sumaku iliyomo, badilisha strena (chujio la oili). Unga laini kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida. Kusukuma oili kwa mashine kwenye giaboksi kuukuu yenye oili nyeusi inayonuka kuungua sikushauri. Na simama hapo hapo fundi anapomwaga oili ya injini: boliti ya kumwagia ya injini na ya giaboksi zinachanganywa, giaboksi inakauka na injini inajazwa mara mbili. (Wenye IST mpya ya kuanzia 2007 yenye CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, haya ya T-IV hayawahusu, oili yao ni nyingine kabisa.)

Ulaji wenyewe usiukadirie kwa taa ya mafuta. Jaza mpaka pampu ikate, sifurisha tripu, nenda Segera urudi, jaza pampu ile ile. Ukitembea km 152 na ikaingia lita 11.3, ni kilomita 13.5 kwa lita. Kwa misele ya Ngamiani na Chumbageni na AC, 9 hadi 11 ni sawa. Tusidanganyane na namba za katalogi ya Japani, zile ni za maabara. Matairi makubwa kuliko ya asili yanafanya kilomita zisomeke pungufu, utalaumu injini bure. Halafu chumvi ya bahari: pini za kaliba (kifaa kinachobana breki kwenye tairi) zinashika kutu, breki inabana. Inua gari, zungusha tairi kwa mkono. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, umeipata.

Yote hayo yakiwa sawa na bado inateleza huku oili inanuka kuungua, basi tafuta giaboksi. Linganisha namba kwenye kibati cha gari. Ya 4WD (inayosukuma matairi yote manne) haiingii. Safisha mabomba ya kupoozea oili kabla ya kufunga, la sivyo uchafu wa ile ya zamani unaingia kwenye hii. Na konveta isukumwe mpaka ikae mwisho kabla boliti hazijakazwa. Ikivutwa na boliti, inavunja pampu ya oili siku ile ile.